Mawe ya Kujaribia Gurudumu

9 Februari

Mjomba,

Almasi si jiwe adimu, yakuti si mfalme wa mawe mekundu, na daraja la vito mnalolilinda ukumbini kwenu halikujengwa juu ya uadimu wala uzuri, bali juu ya mazoea. Hilo ndilo dai langu, nami nitalitetea mpaka mmoja wetu aishiwe wino. Nimelitanguliza ili usije ukasema nilikulainisha kwanza kwa salamu.

Sasa, shikamoo. Sisi hapa hatujambo. Dada amejifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti inayopenya ukuta na kuwafikia majirani. Mama anasema hiyo ameirithi kwako. Cheti changu cha chuo kimetundikwa sebuleni juu ya redio, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Kazi ya uchumi niliyoisomea bado inanitafuta, haijanipata. Kwa sasa nafundisha hesabu kwa muda katika shule ya jirani. Je, goti lako? Na mkaza mjomba hajambo?

Tuje kwenye jambo. Aliyeleta kifurushi chako cha mawe ghafi alileta pia jibu la ombi la Mama, kwa mdomo, huku akitazama viatu vyake: kwamba ukumbi wenu wa kuuzia vito ni wa mawe matatu, almasi, yakuti na zumaridi, na kwamba mwenye mawe mengine kama spineli na ganeti hana meza humo. Mjomba, mwenyekiti wa ukumbi huo ni wewe. Mama amekukatia yakuti tangu mimi sijaota meno. Zikitoka hapa hazina jina. Zikifika kwako zinapata jina, nalo ni lako. Kwa kanuni zenu, asiye na meza hauzi ila kupitia mwenye meza. Anachoomba ni meza moja, auze mawe yake kwa jina lake. Hajaomba kingine.

Nianze na almasi. Jiwe gani adimu hilo ambalo kila duka la pete lina trei yake nzima dirishani? Bei yake imesimama kwa sababu waliolihodhi walijua zamani kulitoa kidogo kidogo, na kwa sababu wanunuzi walifundishwa kulitamani. Zumaridi zenu zimejaa nyufa na huogeshwa mafuta ili zifiche aibu. Yakuti zenu, nyingi, hupitia jikoni kabla ya kupita sokoni: hupikwa motoni mpaka rangi ikubali. Spineli nyekundu huzaliwa katika miamba ileile inayozaa yakuti, tena kwa uchache zaidi, na huja kwenye gurudumu la kukatia jinsi ilivyotoka ardhini. Wafalme waliiweka kwenye mataji kwa karne nyingi wakidhani ni yakuti, na hakuna mfalme aliyelalamika. Jiwe lilikuwa na thamani ya taji mpaka siku lilipoombwa kitambulisho.

Liweke ombi la Mama kwenye ajenda, Mjomba, au unioneshe nilipokosea.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu Msomi,

Marahaba. Mpe hongera dada yako, na huyo mjukuu mwenye sauti yangu mpeni maziwa ya kutosha, maana sauti hii inakula. Goti linaendelea kutabiri mvua na kukosea kama redio. Mkaza mjomba wako ameiona picha ya mahafali, anasema umekonda. Nikamwambia hajakonda, ni maneno yamemtoka mengi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, ukumbini, baada ya chai, mbele ya wanachama wote. Walicheka mpaka dalali wa zumaridi akamwaga chai kwenye trei yake. Usiudhike. Walisema pia kwamba una mwandiko mzuri.

Sasa nikufundishe ambayo chuo kilisahau. Unasema jiwe likiwa adimu liheshimiwe. Haya. Mimi nina kisigino kimoja cha kushoto, na dunia nzima hakuna kingine kama hicho. Kipeleke sokoni uone watakupa nini. Lipo jiwe la buluu linalochimbwa chini ya kilima kimoja tu duniani, na yakuti samawi, inayotoka nchi chungu nzima, bado inaliacha mbali kwa bei. Yapo mawe mengine ambayo ukiyakusanya yote yaliyopo hayajazi kiganja, na hakuna ajuaye bei yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akinunua. Uadimu ukizidi, soko linakufa njaa. Mnunuzi anataka kitu adimu, lakini si adimu mno: herini moja ikipotea apate ya pili. Bei, mpwa wangu, ni watu wawili wanaotaka kitu kimoja. Akiwa mmoja tu, hiyo si bei, ni huruma.

Wenzangu walipotulia nikasema mbele yao, na kwako nairudia: huyo mwenye spineli atuletee mkufu mzima pamoja na herini zake, mawe yote mekundu rangi moja kama yametoka tumbo moja, na meza nitamletea mwenyewe kwa mikono yangu. Haiwezekani. Ndiyo maana spineli ni jiwe la pete moja moja, na pete moja moja huuzwa barazani.

Mwambie mdogo wangu kwamba yakuti kubwa ya safari hii ina ufa ubavuni, aiendee polepole. Mawe ya kujaribia gurudumu nimeyaweka kama kawaida.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumeipokea barua na kifurushi. Mtoto amepata chafya moja na nyumba nzima imepoteza usingizi. Kisigino chako kilimchekesha Mama hata akasimamisha gurudumu, jambo ambalo mimi sijawahi kufanikiwa kulifanya kwa hoja yoyote.

Lakini hoja haifi kwa kuchekwa. Nimekusikia ukisema kwamba bei ni matakwa ya watu. Nakubali, tena kwa mikono miwili, kwa kuwa umenikabidhi kisu. Kama bei ni matakwa ya watu, basi daraja lenu la mawe matatu si amri ya asili. Ni maandishi ya watu, na kilichoandikwa na watu hufutwa na watu. Huwezi kunipiga kwa soko leo, kesho ukajificha nyuma ya ukoo wa jiwe.

Kuhusu mkufu, nina habari, nayo sikutaka kukupa.

Wewe hununua mawe mekundu ghafi yakiwa yamechanganyika. Unayapitisha moja moja kwenye kile kijibomba chako cha kutazamia: yakuti huonesha rangi mbili, spineli huonesha moja. Lenye rangi moja unaliita mwongo na kulitupa katika bati la maziwa ya unga, na bati hilo unalituma huku pamoja na yakuti, ili Mama alijaribie gurudumu kabla hajagusa jiwe lako. Kama gurudumu lina jino baya, limng'ate mwongo. Ndivyo ulivyofanya miaka yote, na jicho lako, nalisema hili kwa heshima, halikukosea hata siku moja. Ulijua hasa ulichokuwa unakitupa.

Nilipomsomea Mama ulichosema mbele ya wanachama, alifuta mikono, akaenda kabatini, akafunua shuka za wageni na kurudi na kifurushi cha flana. Alitandika karatasi nyeupe dirishani, akayamwaga. Mjomba, mimi ni mtu wa maneno, lakini nilikaa chini kuyahesabu. Miaka yote hiyo alijaribia gurudumu mawe machafu tu. Yaliyo safi aliyaweka kando na kuyakata akimaliza kazi yako. Yamelala pale kwa jozi, ya mkufu mzima na herini zake, mekundu yasiyo na chembe ya zambarau, na makubwa ya katikati yanapungua kuelekea pembeni kama watoto waliopangwa kwa umri kwa ajili ya picha. Nimelala chumba cha pili miaka yote na sikujua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, kaka angeacha kuyatupa."

Mimi nilitaka tukufiche mpaka siku ya maonesho ya ukumbi, uyaone pamoja na wenzako waliocheka. Mama alikataa katakata. Nilibishana naye kuanzia chai ya asubuhi mpaka ya jioni na nilishindwa. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Kaka yangu hategwi kama panya. Mwambie yapo, na umuulize ni ya nani."

Basi nakuuliza. Mawe ya kujaribia gurudumu ni ya nani? Ukisema ni yako, yote yatarudi katika kifurushi kijacho, pamoja na flana yake. Hilo ni neno la Mama, si langu. Neno langu ungelijua.

Mpwa wako


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujasikia kutoka kwako. Tunaomba iwe ni posta na si goti.

Kifurushi cha mwezi huu kimefika na yakuti zako zote zimo. Bati halimo. Mama alipekua magazeti yote uliyofungia, akayakunja vizuri. Kisha alivunja chupa ya soda na kujaribia gurudumu kipande cha kitako chake. Kazi yako anaifanya kama siku zote. Ile kubwa yenye ufa imetoka salama na utaikuta juu kabisa. Mkufu umelala kwenye flana. Haugusi mpaka umjibu.

Kimya nacho ni jibu, Mjomba, lakini ni jibu lisilo na sahihi.

Mpwa wako


16 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Posta haina kosa, na goti nalo wala lisisingiziwe. Tulikuwa na shughuli. Paa la chumba cha nyuma lilivuja, fundi akaja akalitengeneza, sasa linavuja mahali pengine. Mkaza mjomba wako amenunua miwani na anaona vitu vingi humu ndani ambavyo mimi nilikuwa nimeshavizoea. Yakuti zimefika. Ile yenye ufa nimeitazama kwa lenzi nikautafuta ufa. Mwambie mdogo wangu nimeutafuta.

Umeuliza swali la kiwakili, nami si wakili. Nilichokitupa sirudi kukiokota. Nimeishi hivyo na sitaanza kuinama uzeeni, hasa kwa goti hili. Mawe ni yake. Yamekuwa yake tangu yalipotoka mkononi mwangu, na usiniulize tena, utaniudhi.

Kuhusu bati, safari hii lilisahaulika.

Sasa sikiliza mambo ya dunia. Rangi moja kwa macho ya mama kwenye dirisha la nyumbani na rangi moja kwa macho ya soko ni vitu viwili. Wapo wanunuzi wa kutoka mbali watakaokuja kwenye maonesho ya Julai, na hao wana macho yasiyojua huruma. Mlete mama yako. Nitauweka mkufu kwenye trei ya mbele, juu ya meza yangu, chini ya taa, kwa jina langu, kwa kuwa langu nalijua linavyouza. Faida yote ataichukua yeye. Sitaki hata nauli. Kaka angemfanyia nini zaidi?

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa neno lako juu ya mawe. Nililisoma kwa sauti, na Mama alitoka nje akakaa kwenye ngazi kwa muda, akarudi na kusema kwamba wewe ukiamua kuwa mtu mzuri hufanya kwa hasira. Ametaka nikuandikie hivyo hivyo. Mtoto ameota jino na analionesha kwa kila anayepita, kama mimi na cheti.

Mama atakuja kwenye maonesho. Mezani kwako hatakaa. "Mwambie kaka trei yake ni nzuri," alisema, "ila nimeshakaa humo miaka mingi."

Ataweka meza yake barazani, mbele ya mlango, ambapo kanuni zenu hazifiki. Nilimwambia kwamba barazani hakuna taa. Akanicheka. Alisema taa za ukumbini ni za njano na ziliwekwa kwa ajili ya yakuti, zinaipaka wekundu hata pale ambapo haina. Na kwamba barazani, kivulini, kuna mwanga ambao haujalipwa na mtu.

Najua utaona kwamba huu ni ukaidi. Ni kweli, na umetoka upande wenu wa familia. Lakini tazama, Mjomba, jinsi ulivyoandika: faida achukue yeye, jina liwe lako. Ulidhani umempa kikubwa na kujibakizia kidogo. Umempa sawasawa kile ambacho hakukiomba.

Mimi sitakuja, shule itakuwa haijafunga na hesabu za watoto wa watu ziko shingoni mwangu. Mtunze.

Mpwa wako


19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ameondoka hapa jana, mzima wa afya. Alikula vizuri. Mkaza mjomba wako amempa kitenge na sufuria, nami nilimwambia sufuria ni nzito kwa safari, hawakunisikiliza. Alilala chumba cha nyuma, na paa halikuvuja siku zote alizokaa, kwa hiyo hataamini niliyokuandikia.

Maonesho yalikwenda vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Mkufu umeuzwa.

Meza ipo karibu na dirisha la kaskazini. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, nimeuwekea kadibodi. Atakuwa anakuja mara moja kila robo ya mwaka, au atume mtu. Asikutume wewe.

Goti linauma.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na usinipe marahaba mpaka umalize kusoma.

Mama amefika na sufuria yake. Mtoto alimlilia, kisha akamkumbuka. Amepumzika, akanisimulia, na barua yako ilipofika nimeilinganisha na simulizi yake. Sijawahi kuona barua yenye matundu mengi kama hiyo. Imelishinda hata paa lako. Niruhusu niyazibe, kwa kuwa nina ushindi mkononi na sina adabu ya kuuficha.

Uliandika kwamba watu walikuwa wengi. Hukuandika walikuwa upande gani. Mama anasema asubuhi walimpita kama anayeuza vitana. Kisha akaja mama mmoja mnunuzi, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, akainama kuyatazama mawe kivulini na hakuinuka. Alipoona hainuki, mwingine akaja kutazama anachotazama. Baadaye walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi, na ndani ya ukumbi zilibaki taa na madalali. Wewe ndiye uliyenifundisha, Mjomba, kwamba bei ni watu wawili wanaotaka kitu kimoja. Barazani walikuwa zaidi ya wawili, na wa kwanza alikuwa ameshika karatasi ya Mama kwa vidole vyote kumi ili wa pili asiisogeze.

Uliandika kwamba mkufu umeuzwa. Hukuandika kwamba ulipita bei ya mkufu wa yakuti uliokuwa mezani kwa mwenyekiti. Nalisema hilo kwa sababu ni hoja, na pia kwa sababu limenifurahisha kupita kiasi. Tulikuwa tunabishana juu ya uadimu na thamani. Nakiri kwamba kisigino chako kilikuwa na ukweli ndani yake: uchache peke yake haulishi mtu. Spineli moja moja ilikuwa kisigino. Lakini kilichokuwa kigumu kupatikana kuliko jiwe lenyewe ni mtu wa kuyasubiri mawe hayo mpaka yapate ndugu zao, na soko lilipooneshwa kitu hicho lililipa bila kuuliza ukumbi wenu ni wa mawe mangapi. Uadimu ukapata macho ya kuutambua, hapo ndipo thamani ilipozaliwa. Dai langu la kwanza nalirekebisha hivyo, na kwa marekebisho hayo limekuwa gumu zaidi kwako.

Uliandika kwamba meza ipo dirishani. Hukuandika imefikaje. Mama anasema uliingia stoo ya ukumbi ukatoka umeikumbatia peke yako, goti na yote, ukaivuka sakafu nzima mbele ya waliocheka, na dalali wa zumaridi alipokuja kukusaidia ulimwambia akae mbali na mali ya watu. Wakapiga makofi. Mama anasema hakulia. Amenihakikishia hilo bila mimi kumuuliza. Kwa kitendo hicho, Mjomba, nakuvulia kofia ya mahafali.

Na lile bati lililosahaulika. Mkaza mjomba, akiwa na miwani yake mipya, alimtuma Mama kabatini akachukue sukari. Alilikuta hapo, limetandikwa pamba, na ndani mna spineli zimepangwa kwa rangi, nzuri kwanza. Alilifunika, akachukua sukari. Kwa hiyo tangu Aprili ulikuwa umeshaniunga mkono kwa vitendo huku ukinipinga kwa posta. Sidai uniombe radhi. Nadai tu iandikwe kwamba mwenyekiti alikuwa mfuasi wangu wa kwanza.

Limebaki tundu moja, nalo ni kubwa, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Yule mnunuzi wa miwani miwili, baada ya kulipa, alitaka kuona mawe yake na yakuti bora ya ukumbi katika mwanga mmoja. Ilitolewa yako, ile kubwa iliyokuwa na ufa. Ikawekwa juu ya karatasi ya Mama. Alizigeuza zote chali, yakuti na spineli, akashika lenzi akitazama chini, kule ambako wauzaji hawaangalii. Mama hamalizii jiwe kwa ncha kali. Huacha kibapa kidogo kama tundu la sindano ili ncha isimeguke. Kila jiwe lake lina kibapa hicho. Mnunuzi akainua kichwa, akakutazama wewe, si Mama, akauliza mbele ya wote, "Hizi na hii ni mkono mmoja. Nani amekata?"

Na wewe, Mjomba, ukasema goti linakuuma, ukaenda kuleta meza.

Nilimkasirikia Mama. Nilimuuliza kwa nini hakujibu, swali likiwa limewekwa mbele yake kama sahani. Akasema, "Halikuwa langu. Aliyeulizwa ni kaka." Nami nimekaa na jibu hilo siku nzima, na nimeona kwamba ana haki, kama alivyokuwa na haki juu ya panya, na juu ya trei, na juu ya taa. Anaweza kujipatia meza kwa mawe yaliyotupwa. Hawezi kujipatia yakuti za miaka yote ile. Hizo zilikwisha kwenda duniani zikiwa na jina lako, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuzirudishia mkono wake.

Ulibeba meza, na meza ni mbao. Watu walikupigia makofi kwa ukarimu wa kaka, na Mama akaingia ukumbini kama mgeni aliyekaribishwa, ilhali nusu ya sifa ya ukumbi huo ilitoka kwenye gurudumu lake. Mimi sikubali ashinde nusu. Spineli zimeshathibitishwa, sasa ni zamu ya yakuti.

Mkutano mkuu wenu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nimeomba ruhusa shuleni, na nitakaa nyuma kabisa, kimya, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya. Mama atakuwa mezani kwake. Usinijibu kwa barua, sitaifungua. Swali liliulizwa hadharani, na jibu lake haliwezi kuja ndani ya bahasha. Simama mbele ya wanachama wako, Mjomba, wenye almasi na wenye zumaridi, waliocheka na waliopiga makofi, uwaambie kwa sauti ileile ambayo mjukuu wako ameirithi: yakuti zilizokujengea jina, nani alizikata?

Mpwa wako